Gazeti Husomwa Jikoni Kwanza

Siku hizi kila mtu hapa Garsen anatembea na habari mfukoni, na bado hakuna anayejua kumwambia mwenzake neno. Mjukuu wangu hunijia na muhindi mdomoni, "Bibi, yule mzee wa Minjila amekufa," kisha anaendelea kutafuna. Nikimgombeza anacheka. Ati bibi anataka dunia irudi nyuma. Ndiyo, naitaka irudi! Si yote, maana mbu wa zamani na homa zake siwataki hata bure. Lakini ile miaka ya hamsini na tano, hamsini na sita, hoteli ya mume wangu ikiwa bado imesimama karibu na kivuko, hiyo mkinirudishia leo naipokea kwa mikono miwili.

Jina langu Mwanasiti. Kwetu ni Kipini, na baba yangu alikuwa karani wa serikali kule. Hakuzaa mtoto wa kiume, basi akanifundisha mimi kusoma maandishi ya ofisini, mbali na yale ya chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Watu walimwambia unamharibu mtoto. Akawajibu kwamba mtoto ni wake na macho ni ya mtoto. Nilipoolewa na Chande, Mpokomo wa hapa, nilikuja Garsen na sanduku moja la nguo na hayo macho yangu. Chande alikuwa na hoteli: paa la makuti, mabenchi manne, jiko uani, na chai ya maziwa ya Waorma ambayo mpaka leo sijaonja mfano wake.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yetu. Lori la Malindi lilipokuwa likingoja zamu ya kivuko kwenda upande wa Lamu, dereva alitutupia furushi la magazeti kutoka Mombasa. Chande alikuwa wakala. Kampuni ilituletea nakala kumi, na tukiuza mbili tunashukuru Mungu, kwa sababu hapa nani anunue gazeti na Mwanasiti analisoma kwa sauti? Watu walikuja toka Chara, toka Minjila, wengine wametembea tangu alfajiri. Walinunua chai, wakakaa, wakangoja.

Na kweli walingoja. Mimi sikulifungua gazeti mbele za watu hata siku moja. Nililichukua nikaingia nalo jikoni, nikakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nikalisoma lote toka jina lake la juu mpaka tangazo la mwisho la sabuni. Nikiona humo limo la mtu wa kwetu, mgonjwa hospitalini, au aliyefungwa, au, Mungu apishe mbali, aliyekufa, silisomi barazani. Navaa buibui langu, natokea mlango wa nyuma, naenda kwake. Nabisha hodi, nasalimu, naulizwa habari, nasema njema. Tunakaa. Nauliza ya shamba na ya watoto. Nikishaona moyo wake umetulia na kuna mtu wa kumshika mkono, ndipo nasema, "Njema, ila kuna jambo." Mwenyewe akishajua, ndipo na wengine wanajua.

Desturi hiyo sikuibuni mimi. Kwetu Kipini nyumba ikiungua utaulizwa habari na utajibu njema, kisha ndipo utaje moto. Waorma nao hawamwulizi mgeni neno mpaka amekunywa maziwa. Wapokomo na Wagiriama wana yao, na yote yanakwenda huko huko. Garsen ilikuwa na lugha nne, lakini adabu ya habari ilikuwa moja.

Basi nikitoka jikoni nilianza na mvua. Kila mtu anataka mvua. Kisha mazao, kisha arusi na sikukuu, kisha ndipo mambo ya serikali na Hali ya Hatari kule bara, ambayo tuliyasema kwa sauti ya chini. Nilisoma sentensi moja nikatulia. Bonaya, Muorma mwenye ng'ombe zake upande wa Minjila, akaitia Kiorma. Chande akaitia Kipokomo. Watu wakaijadili, wakaibishia, wakacheka, ndipo nikapewa ruhusa ya sentensi ya pili. Gazeti lenye karatasi nane lilitutoa adhuhuri likatufikisha alasiri. Lo, raha iliyoje! Nilikuwa naketi pale mbele na watu hamsini wamenikodolea macho, nikijiona kama liwali.

Benchi la mbele lilikuwa la Jumwa. Alikuwa mjane wa Kigiriama, watu wake walihamia huku toka kusini, na sote tulimwita Mekenga, yaani mama wa Kenga, kwa desturi yao. Huyo Kenga ndiye mtoto wake peke yake. Alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori ya mkonge huko Voi, mwaka wa tatu hajarudi, ila hakuacha kutuma kitu. Mekenga aliweka kikapu chake cha ndizi miguuni, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lile lile kila Alhamisi.

"Na Voi, yasemwaje?"

"Voi kumenyesha, Mekenga."

"Mvua nyingi?"

"Ya kiasi."

"Haya, alhamdu." Yeye hakuwa Mwislamu, lakini neno hilo alilipenda. Akabeba kikapu akaenda zake.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Sikuwa na ng'ombe wala shamba la jina langu. Nilikuwa na watu wanaonisikiliza, na niliogopa jambo moja tu duniani, siku watakapoacha kunisikiliza.

Sasa, ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la Nzai. Mtu mwema Nzai, sitamsema vibaya, lakini wakati ule ningempata kisimani ningemsukuma. Kampuni moja ya kuuza redio ilimfanya wakala wake. Ikamletea sanduku la rangi ya kahawia, betri nzito ya kubebwa na watu wawili, na waya mrefu alioufunga juu ya mlingoti. Saa saba mchana, siku ya kwanza, sauti ya mtu wa Mombasa ikatoka mle ndani, safi kabisa, inasema mambo ya asubuhi ile ile. Asubuhi ile ile! Gazeti langu lilikuwa na mambo ya Jumatatu.

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Alhamisi iliyofuata nilitoka jikoni na gazeti langu nikakuta watu kumi na wawili. Alhamisi ya pili walikuwa watano. Wengine walikuwa kwa Nzai, wamesimama juani, vichwa vimeinama upande mmoja, na chai yao wananunua huko huko, kwa sababu Nzai naye si mjinga, alishaweka birika.

Bonaya alikwenda kuijaribu. Akarudi amekasirika.

"Mama Madina, ile kitu haina adabu," akaniambia. Madina ni binti yangu wa kwanza. "Mimi nasema moja kwa Kiorma, yeye shasema tatu. Namwambia ngoja. Hangoji! Hajaulizwa habari, yeye anasema tu. Hata maziwa hajanywa."

"Redio hainywi maziwa, Bonaya."

"Najua hainywi! Mimi si mtoto. Lakini nasema, mtu gani huyu anatoa habari na yako hataki kusikia?"

Nilicheka siku ile, lakini nilikuwa na uchungu mpaka kwenye kucha. Chande alikuwa akiyatazama mabenchi matupu na kupangusa meza zilizo safi. Jioni moja akasema pole pole, "Mama Madina, pengine tufunge, turudi shambani kwa baba." Nikamjibu afunge yeye, mimi nitasomea mbuzi. Maneno hayo yalikuwa ya hasira, kwa kweli nilikuwa na hofu.

Mwezi huo akaja Bwana Swaleh, mkaguzi wa mawakala wa gazeti. Mtu wa Mombasa huyo, kofia ya tarbushi, viatu vinang'aa mpaka unaona meno yako ndani yake. Alishuka kwenye lori akiwa mwekundu kwa vumbi na bado akanukia vizuri. Nilimkaribisha, nikampa chai na mahamri, akakaa akanitazama nikisoma Alhamisi ile mbele ya watu wanne.

Nilipomaliza akasema, "Bibi, una sauti nzuri, na unajua kusoma kuliko makarani wangu. Lakini utakufa njaa."

"Kwa nini, bwana?"

"Dunia imebadilika. Hata sisi ofisini tumebadilika. Tangu redio zianze kuenea, mhariri ametuamuru: kubwa mbele, tena haraka. Ajali, moto, vifo. Watu wanapenda moto, bibi. Wewe unawaanzishia mvua! Tena unalipeleka gazeti jikoni, unalikalia saa nzima. Lifungue pale pale barabarani, lori halijazima injini. Redio inasema saa saba, wewe uwe umeshasema saa sita na nusu."

Nikamwambia habari za hapa haziendi hivyo. Akatabasamu.

"Habari inakwenda inakosukumwa," akasema. Akanunua ndizi za Mekenga, akapanda lori akarudi zake.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Swaleh hakunishika mkono, wala Nzai hakunifukuza hotelini kwangu. Ni mimi mwenyewe niliyelala na maneno yale, nikaamka nayo, na Alhamisi ilipofika nikasimama barabarani kulingoja lori.

Furushi lilipodondoka nililipasua kwa meno. Nikapanda juu ya benchi, mimi binti ya karani, buibui limeteleza mabegani, nikapaza sauti: "Moto Mombasa! Ghala zima limeteketea! Simba aua mtu Tsavo!" Ee, Mungu nisamehe, walikuja mbio. Walitoka kwa Nzai wakavuka barabara na vikombe vyake mikononi. Bonaya alijitahidi kunifuata mpaka jasho likamtoka. Chande aliuza chai mpaka majani yakamwishia. Saa saba redio ilipoanza, watu walikuwa wameshashiba.

Alhamisi ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Nilirudi kuwa liwali. Chande peke yake ndiye aliyeniuliza, "Jikoni huingii tena?" Nikamwambia jikoni nitaingia usiku, kupika.

Mekenga hakuhama benchi lake. Sasa nilipokuwa nimesimama juu yake, ilimbidi ajibane kwenye ncha, kikapu mapajani, ananitazama toka chini. Swali lake la Voi likakosa nafasi, maana baada ya vichwa vya habari nilikuwa nimechoka na watu wameshatawanyika.

Alhamisi ya nne ilikuwa ya jua kali. Lori lilichelewa, na saa saba ilikuwa karibu, hivyo nilikuwa na haraka mara mbili. Nilifungua gazeti, jicho likaangukia herufi kubwa, kinywa kikazichukua.

"Ajali ya lori karibu na Voi! Watu wawili wafa!"

"Voi?" akasema Mekenga.

Nilimsikia. Wallahi nilimsikia. Lakini Voi ni kubwa, watu ni wengi, na nilikuwa na watu sitini mbele yangu. Nikaendelea. "Lori lililokuwa limebeba mkonge lilipinduka Jumamosi jioni. Waliokufa papo hapo ni dereva, mwenyeji wa Taita, na taniboi wake, Kenga wa Ngala, mwenyeji wa Garsen, Tana River."

Macho yalisoma, kinywa kikasema, na akili ikafika mwisho. Bonaya alishafungua mdomo kutafsiri. Akaufunga.

Mekenga aliinuka. Aliweka kikapu chini taratibu ndizi zisipondeke, akanitazama juu nilikokuwa nimesimama.

"Mwanasiti," akasema, "umenisomea mwanangu na watu wanakunywa chai."

Basi. Akajitanda leso kichwani, akashika njia ya shamba lake, mgongo umenyooka, na wanawake wakamfuata wakilia. Yeye halii. Ng'ambo redio ya Nzai ikaanza kupiga muziki wa saa saba, na nikamwona Nzai akiruka kaunta kwenda kuizima.

Nilikwenda matangani siku hiyo hiyo. Maiti haikuwapo, alikuwa ameshazikwa kule kule Voi, na barua ya wenzake ilifika baada ya wiki mbili. Wanawake wa ukoo walinipokea. Hakuna aliyenitukana, na ningeshukuru kama mtu angenitukana. Nilishika mtungi niende mtoni, mmoja akaupokea mkononi mwangu, "Acha tu, mama Madina." Nikaenda kwenye sufuria, nikaambiwa zimeshaoshwa. Nikataka kutwanga, mchi ukawa na mwenyewe. Mnajua matanga yalivyo: asiyepewa kazi ndiye mgeni. Nilikaa siku saba kwenye mkeka mmoja, mikono mapajani, nimevaa aibu yangu, na Mekenga hakunitazama hata mara moja.

Niliacha kusoma. Furushi la Alhamisi lilikuja, Chande akaliweka juu ya kabati bila kulifungua, la pili akaliweka juu ya la kwanza. Watu walipouliza aliwaambia mkewe ana homa. Hata Nzai alikuja. Alizima redio yake siku zote saba za matanga bila kuombwa na mtu, na baadaye akaja kukaa hotelini kwetu, kofia mkononi.

"Mama Madina," akasema, "redio yangu inasema na watu wananiuliza imesema nini. Inakimbia mno. Tena wiki jana imetaja maiti wa Ngao vivi hivi, na kakake alikuwa dukani ananunua chumvi. Nilitamani ardhi inimeze. Njoo uisikilize wewe, ndani, sauti chini, kisha utoke uwaambie watu kwa desturi yao."

"Kinywa changu kimeharibika, Nzai."

"Kitapona."

"Si wewe wa kukiponya. Mwenye kukiponya hanitazami."

Natangulia kidogo: jambo hilo la Nzai tulikuja kulifanya, tena kwa miaka mingi. Redio yake ikihamishiwa uani kwetu saa saba, mimi sikio kwenye sanduku lake, kisha natoka. Kampuni yake iliuza redio nyingi mtoni kote na haikujua kamwe kwamba Garsen redio ilisikilizwa na mtu mmoja. Lakini siku aliyoniomba nilikataa, na nilikataa kwa kweli.

Mwezi wa pili tangu matanga ulikuwa unakatika. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikaona kivuli mlangoni. Alikuwa Mekenga. Amekonda, kikapu hana. Niliacha mbuzi nikapiga magoti pale pale, machicha mikononi, nikaanza kuomba radhi.

"Inuka," akasema. "Sikuja kwa hilo. Nina deni lako."

"Mimi ndiye mwenye deni, mama."

"Ulinipa habari. Mtu akikupa habari nawe humpa yako. Wewe ulinipa ya Kenga, mimi nikaondoka sijakupa kitu. Nimekuja kukupa."

Akakaa kwenye kibao changu. Nikamtilia chai, akainywa yote kwanza. Kisha akanieleza Kenga. Alianza alipozaliwa, mwaka ambao mto ulivimba akamzalia juu ya dari. Akaeleza alivyokuwa akipiga mbinja mpaka akapigwa na babake, na babake alipokufa, mama mwenyewe ndiye aliyeomba mtoto apige tena. Alivyokuwa akiwabeba wazee mgongoni kwenye matope ya kivuko na kukataa kupewa kitu, kabla hajaenda Voi. Akaeleza viatu. Mwaka jana Kenga alimtumia viatu vya kizungu, vyeusi, vya kamba. Vilimbana. Alivipaka tope, aliviloweka, aliviweka mawe ndani, wapi. Lakini kila barua aliyoandikiwa kwenda Voi alisema anavivaa kanisani.

"Nilimdanganya mwanangu miezi kumi na mmoja," akasema. "Andika na hilo."

Ndipo nikajua amekuja niandike. Nikatoa daftari la Chande. Niliandika mpaka nazi ikachacha. Akamaliza, akaniuliza kama limeingia lote, nikamsomea, akasahihisha jina la shangazi mmoja, akaenda zake. Hakusema amenisamehe wala mimi sikuuliza.

Yale maneno niliyanakili kwa herufi safi kama baba alivyonifundisha, nikayatia kwenye bahasha ya Bwana Swaleh. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikaongeza yangu. Nilimwandikia: "Bwana, uliniambia watu wanapenda moto. Hukuniambia neno juu ya anayeungua. Gazeti lenu lilimtaja mtoto wa mwanamke huyu kwa mstari mmoja, na nikaupigia kelele. Hii hapa mistari mingine. Mkiichapa, nitasoma gazeti lenu. Msipoichapa, njooni mchukue mafurushi yenu, yamejaza kabati la mume wangu." Chande aliisoma barua akasema inatosha kunifungisha jela. Nikaitia gundi.

Wiki tatu kimya. Ya nne, lori likatupa furushi, na juu yake barua ya Bwana Swaleh. Niliifungua jikoni. Aliandika kwamba barua yangu ilizunguka meza zote za ofisi. Kwamba wamekubaliana sasa, mbio na redio hawaziwezi na wasijidanganye, na wanaloliweza wao redio hailiwezi: kukaa na mtu, na kusomwa tena. Hivyo wanafungua ukurasa mpya wa habari zitokazo mashambani na mitoni, zikiandikwa na wenyewe, na habari ya kwanza ni yangu. Mwisho aliandika kwa mkono, chini ya maandishi ya mashine: "Nami nina mama. Niwie radhi."

Nilikaa kwenye kibao nikalisoma gazeti lote. Mvua, mazao, sabuni. Ukurasa wa tano ndipo alipokuwa Kenga, safu mbili nzima, na mbinja yake na dari aliyozaliwa juu yake. Niliweka gazeti ndani ya buibui nikatokea mlango wa nyuma.

Mekenga alikuwa shambani kwake anapalilia. Nilisalimu, akaitikia. Akaniuliza habari, nikasema njema. Nikauliza migomba, akasema imeanza kuchanua. Tulikaa chini kwenye majani makavu. Nilikuwa nimejiandaa kusema, "Njema, ila," lakini alinitangulia.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Na viatu?"

"Na viatu vimo."

Akatoa udongo kwenye jembe kwa kidole.

"Usinisomee hapa," akasema. "Twende. Utanisomea pale pale."

"Mekenga, mbele za watu?"

"Kwani ile ulinisomea wapi?"

Tukatembea pamoja mpaka barabarani. Watu walituona toka mbali, wakaanza kutoka madukani bila kuitwa. Ilikuwa karibu saa saba, na Nzai alitazama saa yake, akatazama sisi, akaizima redio akavuka barabara. Mekenga alikwenda kwenye benchi la mbele akaketi katikati. Mimi sikupanda juu ya kitu. Niliketi chini kwenye mkeka, mbele ya magoti yake, gazeti nimelishika kwa mikono yote miwili.

Nilisoma sentensi moja nikatulia. Bonaya akaitia Kiorma, akachukua muda wake. Chande akaitia Kipokomo. Nilipofika kwenye mbinja, mzee mmoja wa Chara akasema, "Mimi alinibeba huyo," na mwingine akasema hata yeye, na tukawangoja waseme yote. Nilipofika kwenye viatu nilisita, nikamtazama. Akaniashiria kwa kichwa nisome. Nikasoma alivyoviloweka, alivyovitia mawe, na uongo wa miezi kumi na mmoja. Mtu akacheka, kisha benchi zima likacheka, na Mekenga mwenyewe akacheka mpaka akajishika ubavu.

Nilipomaliza nililikunja gazeti nikamwekea mapajani. Alilishika bila kulifungua, maana kusoma hakujua.

"Sasa nimeambiwa," akasema.

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza mbele yetu, na hakuna aliyemharakisha.